Mwali Aliyetolewa Mchana

Hapo zamani, tena si zamani ya majini, ni ya juzijuzi tu, alikuwapo mwali jina lake Mwanakheri, msomaji wa kasida. Alibakiza siku sita aolewe. Yumo ndani, haoni jua, kama ada inavyotaka.

Wa kwanza kushtukia maradhi yake ni shoga yake Saumu, mwitikiaji wake wa kasida. Akamwambia, "Shoga, mwezi wa pili huu sauti inakwaruza, na mafua huna. Nenda ukaonwe." Mwanakheri akamnunia. Alidhani anaonewa kijicho.

Wa pili ni Bi Tatu, aliyekuja kumsugua mwali kwa singo, ule mchanganyiko wa manukato. Alipofika shingoni, mkono ukasita.

"Mwanangu, hebu meza mate."

Akameza. Chini ya kidole cha Bi Tatu kijiwe kikapanda, kikashuka.

"Kinauma?"

"Hakiumi, ila chakula siku hizi kinanikwama."

Bi Tatu akaacha singo, akamwita mama mdogo wa mwali.

Wa tatu ndiye huyo mama mdogo, Riziki. Jamaa wakasema, rovu tu hilo, lingoje harusi ipite. Riziki alikuwa amesikia onyo la Saumu juu ya sauti, hakungoja. Akamvika mwali buibui, akamtoa mchana kweupe, mtaa mzima unatazama. Wakwe wakachukia, harusi ikaahirishwa.

Mwanakheri alilia njia nzima. Kuachwa alikuogopa kuliko kuugua. Daktari akampiga picha ya shingo, akamchoma sindano kutoa chembe za kupima, na majibu yalipotoka akasema, "Uvimbe wa hapa mara nyingi si saratani. Wako ni saratani, lakini mmewahi."

Akapasuliwa, tezi ya shingoni ikatolewa. Alipozinduka akaita, "Mama mdogo," na sauti aliyohofia kuipoteza ikatoka. Hajapata kufurahi vile maishani mwake. Bwana harusi alimngoja, wakaoana, na sasa amejifungua binti.

Siku ya saba, siku ya jina, wote watatu wamefika.

Saumu akasema, "Nilisikia kabla ya wote, nikanuniwa."

Bi Tatu akasema, "Kusikia kulizaa nini? Kidole changu ndicho kilichokigusa kijiwe. Ningepaka singo nikanyamaza, nani angejua?"

Riziki akasema, "Nyinyi mlisema, mimi nilitenda. Mpaka leo wapo wasioniamkia."

Mwanakheri amempakata binti, anawatazama. Angekosekana mmoja wao, huenda asingekuwa hai, na hilo analijua vyema. Lakini mtoto ni mmoja na jina ni moja.

Haya, mliokaa kitako mkasikiliza: je, aitwe Saumu, aitwe Tatu, au aitwe Riziki?