Harusi ya Kileleni

Hadithi!

Njoo!

Ije na nini?

Ije na sweta, bibi, kuna baridi!

Basi vaeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi.

Kabla mji wetu huu wa mlimani haujawa mji, kabla ya soko na kituo cha basi, palikuwa na mwamba. Kwenye mwamba palikuwa na ufa. Kwenye ufa aliishi Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, peke yake. Zamani walikuwa saba. Chui alimla mama, akamla dada, akawala wajomba, akala mpaka akabaki huyo mmoja, mwembamba, hana hata wa kumkuna mgongo.

Asubuhi moja Chui akaja. Nyata, nyata, nyata. Akajilaza mlangoni pa ufa.

"Hodi!"

"Hodi gani na umeshalala mlangoni?" Pimbi akajibu kutoka ndani.

"Toka, mama Pimbi. Nina njaa."

"Ingia wewe."

"Pembamba humo. Nitangoja. Majani yako yako huku nje, utatoka tu."

Na ni kweli. Ndani ya ufa hapakuwa na jani hata moja. Pimbi akakaa gizani, tumbo linalia kwii, kwii. Akachungulia. Bonde lote lilikuwa limejaa ukungu, na ukungu ulianza kupanda mlima polepole.

"Mama Pimbi," Chui akaita, "ule weupe ni nini?"

Pimbi alijua. Usiku bonde linapoa, unyevu unalala chini, asubuhi jua linaunyanyua. Lakini alisema hivyo? Thubutu!

"Ule ni mvuke wa uji. Kuna harusi ya pimbi kileleni. Jana usiku wapishi walilala bondeni, sasa wanapanda na vyungu vyao."

"Pimbi wangapi?"

"Mia mbili. Wanono."

Chui akameza mate, gudu. "Na wewe mbona uko hapa?"

"Mimi hawakunialika."

Chui akacheka mpaka akakohoa. Pimbi hakucheka.

Mchana jua likawaka. Hewa ya joto ikapanda kutoka mashambani, ikapanda, ikafika kwenye baridi ya juu, ikavimba ikawa mafungu meupe, fungu juu ya fungu.

"Mama Pimbi, na yale?"

"Povu la makande. Maharage yanachemka."

Jioni yakabaki mawingu membamba, juu kabisa, ambako hata maji huganda.

"Mama Pimbi, na yale?"

"Manyoya. Wananyonyoa kuku."

"Kuku pia!" Chui akageuka upande wa pili, akalala na kuota kuku. Lakini mlangoni hakuondoka.

Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Chui anauliza, Pimbi anajibu. Uji, makande, kuku. Na nyie mnaocheka, niambieni: tangu wale sita waliwe, nani mwingine alikuwa amemuuliza Pimbi neno lolote?

Siku ya tatu Pimbi alikuwa hoi kwa njaa. Upepo wenye unyevu ukapanda mlima kwa nguvu, wingu likakaa juu ya kilele kama kofia, likawa jeusi, likashuka. Ngurumo ikapiga ngu-ngu-ngu.

"Mama Pimbi, na hiyo?"

"Wanafunua vifuniko. Wanapakua."

Chui akasimama. "Nitaingiaje?"

"Kama watu wenye adabu. Fuata njia mpaka ndani ya mvuke, kisha piga hodi. Ukisikia wengine nao wanapiga hodi, ujue ni wageni wenzako. Wa kwanza kuingia ndiye anayepewa sinia."

Chui akapanda. Nyata, nyata, kisha mbio. Akaingia ndani ya wingu, asione hata sharubu zake. Mbele yake palikuwa na korongo, na ng'ambo ya korongo genge refu, ukuta mtupu wa mwamba.

"Hodi!"

Genge likajibu, "Hodi... odi... odi..."

"Nani hao? Wa kwanza ni mimi!"

"Mimi... mimi... mimi..."

"Sinia langu!"

"Langu... langu..."

Walafi gani hawa, Chui akawaza. Akarudi nyuma hatua tatu, akaruka awapite wote. Porooo! Kimya kirefu. Puu!

Pimbi akatoka. Akala majani mpaka tumbo likawa ngoma. Akaota jua. Akalala katikati ya njia, miguu juu, hakuna wa kumsumbua.

Kesho yake ukungu ukapanda kutoka bondeni, mzito, mweupe. Hakuna aliyeuliza ni nini.

Pimbi akapanda juu ya mwamba, akakaa sana. Kisha akaita, "Hodi!"

"Hodi... odi... odi..."

"Karibu!"

"Karibu... ribu... bu..."

Akasogea pembeni kidogo, kuacha nafasi ya kukaa.

Ndiyo maana mpaka leo, siku ya ukungu, mtamsikia Pimbi anapiga kelele miambani. Hamwiti yeyote kati yenu, msijisumbue.

Funzo: ukialikwa harusi, kimbia, uwahi sinia.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Wa kwenda aende, wa kubaki afunge mlango, ukungu unaingia.