Makatambuga Mlangoni kwa Bi Kindi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipangishana nyumba, Bi Kindi alikaa peke yake katika chumba kimoja katikati ya mji mkubwa. Alitengeneza kashata za karanga, akaziuza, akarudi, akaimba kwa sauti mbaya, akalala. Chumba kile alikipenda kuliko mkia wake, nanyi mnajua kindi na mkia wake!

Siku moja mlango ukalia: gubu! gubu!

"Hodi, mrembo!" Alikuwa Tembo, mwenye nyumba, kajipaka manukato mpaka nzi wanaanguka. "Mimi sipangishi mwanamke asiye na mume. Nikuoe, au ufunge virago."

"Thubutu!" Nyati, jirani wa chumba cha pili, akachomoza pembe dirishani. "Nitamwoa mimi. Huoni kifua hiki?"

"Kifua tu, kichwani hamna kitu!"

Bi Kindi akawatazama. Kuolewa hakukuchukia. Alichochukia ni kulala juu ya kabati ili mume aenee chumbani.

"Wazee wangu, mmechelewa," akasema. "Mume ninaye. Yuko safarini, anarudi kesho."

"Mkubwa?" Tembo akauliza.

"Mtaona viatu vyake."

Basi akaenda kwa mafundi wa magari, akaokota tairi bovu la lori, akalikatakata, akatengeneza makatambuga mawili yenye mikanda mipana, kila moja kama karai la zege. Akayapanga mlangoni. Katika mji ule, viatu vya mwanamume vikiwa mlangoni, mgeni habishi hodi hovyo.

Asubuhi Tembo akaja na Nyati, akatumbukiza mguu. Ukapwaya!

"Mama yangu!"

Mara ndani kukasikika: ngrrr! ngrrr! Bi Kindi alikuwa akisaga karanga kwa jiwe.

"Anakoroma!" Nyati akanong'ona.

"Shh! Utamwamsha!"

Wakaondoka kwa ncha za kwato na vidole.

Mchana mvua ikanyesha. Ilipokatika, Tembo akarudi, Nyati nyuma yake.

"Nimefikiri," Tembo akasema. "Mume gani huyu hatoki hata chooni? Kiatu kilichovaliwa hunuka. Ngoja ninuse. Kisiponuka, Bi Kindi ananihama leo hii."

Nyuma ya mlango, Bi Kindi akatega sikio. Kwaheri chumba changu, akawaza.

Tembo akaingiza mkonga chini ya mkanda. Fuuu! Fuuu!

"Uwiii! Kimenichoma!"

"Nani huyo ananipulizia?" kiatu kikauliza.

"Kinasema!" Nyati akapiga yowe. "Kama kiatu chake ndicho hiki, mwenyewe je?"

Tifu! tifu! tifu! Wakatimua mbio, wakikanyagana ngazini.

"Shemeji, samahani!" Tembo akapaza sauti kutoka chini. "Na lile paa linalovuja, nitaliziba!"

Tusimcheke sana Tembo. Naye alikuwa mpweke, ila hakujua namna nyingine ya kubisha hodi.

Bi Kindi akafungua mlango. Ndani ya katambuga alijikunyata mnyama mdogo mwenye miiba.

"We nani? Unafanya nini kiatuni mwa mume wangu?"

"Naitwa Kalunguyeye, dada. Nanoa visu mtaani. Nimekimbia mvua humu." Akajikung'uta. "Mwambie shemeji anisamehe. Ila nimemkuta buibui humu, anasema yeye hajawahi kumwona."

Bi Kindi akacheka mpaka karanga zikamdondoka mashavuni.

"Chai unakunywa?"

"Nakunywa. Lakini mimi hukaa pembeni, dada. Miiba yangu imetoboa makochi ya watu wengi."

"Basi bahati yako. Mimi sina kochi."

Wakanywa chai, wakala kashata. Bi Kindi akaimba, Kalunguyeye akaitikia kwa sauti mbaya zaidi.

Na mpaka leo, ukipita mlango ule, utaona makatambuga mawili makubwa, na ndani ya kila moja ndala moja ndogo sana.

Mume hapimwi kwa kiatu. Hupimwa kwa nafasi anayokuachia chumbani.