Aliyeulizwa Mbele ya Mgeni Wake

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya kupangisha, vyumba vinatazamana kwenye ukumbi, na uani jiko moja la wote. Jina lake Mkude. Hakuwa mtu mbaya. Natanguliza hilo mapema, maana nawajua, mtaanza kumhukumu kabla sijafika katikati, na mimi sikusimama hapa kumsema Mkude.

Katika chumba cha mwisho aliishi mjane, Bi. Mwajabu. Kiharusi kilimlemaza mkono mmoja, na maneno yake yalitoka kwa taabu, moja moja. Hakuwa na mtoto wala ndugu wa karibu. Alikuwa na kitanda, kiti kimoja, na mlango wa kufunga. Kwa mtu kama yeye mlango wa kufunga si kitu kidogo.

Siku moja akaja mtu aitwaye Kibwana, mkungu wa ndizi begani. Akasema ametoka kijijini kwa marehemu mumewe. Bi. Mwajabu akamkaribisha, kama ambavyo mngemkaribisha ninyi, akamtandikia mkeka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: hilo tunalisema wote, tena kwa mbwembwe. Haya, jembe atapewa na nani, ikiwa mwenyeji hana mkono wa kuliinua? Kibwana akahama kutoka mkekani kwenda kitandani. Akaleta wenzake, wakaleta gongo na bangi na watu wa kuja kuzinunua. Ufunguo ukaingia mfukoni mwake. Bi. Mwajabu akawa analala jikoni, kando ya mafiga, na akisogea mlangoni mwake mwenyewe anaulizwa anataka nini.

Wapangaji wakamwambia Mkude, naye akaja. Hapo ndipo ninapochoka. Alipiga hodi, Kibwana ndiye aliyeitikia karibu, Kibwana ndiye aliyempa kiti, naye akakaa! Kisha akaagiza Bi. Mwajabu aitwe kutoka jikoni. Akamsimamisha pale, Kibwana akimkodolea macho, akamuuliza kama huyu ni mgeni wake. Jamani! Nani kati yetu, aliyelelewa na mama akaleleka, amewahi kumkana mgeni usoni pake? Hata asiyeogopa hasemi, sembuse huyu. Bi. Mwajabu akatazama chini, akaitikia kwa kichwa. Mkude akaaga kwa adabu zote, akawaambia wapangaji kwamba mwenyewe amekubali, sasa yeye afanye nini?

Kelele hazikuisha. Mkude akakasirika, na hasira yake mnajua ilimwangukia nani? Yule mama. Akatangaza kwamba mwezi ukiisha Bi. Mwajabu atoke, yeye na mgeni wake. Loo! Kibwana akitoka anakwenda kumtafuta mjane mwingine. Bi. Mwajabu akitoka anakwenda kulala barabarani. Na Mkude akajiona ametenda haki, kwa kuwa amewafukuza wote wawili sawasawa.

Mkewe, Asumini, hakubishana naye. Alikwenda kule na ndoo ya maji ya moto, akasema amekuja kumwogesha mgonjwa, akaingia naye bafuni, mahali ambapo Kibwana hawezi kuwafuata. Huko, akimwagiwa maji, yule mama akalia, akasema yote. Asumini akamfunga khanga, akampeleka moja kwa moja nyumbani kwake, akamketisha mbele ya mumewe. Mkude akaanza kulalamika, kwamba mbona alipomuuliza hakusema. Bi. Mwajabu akayatafuta maneno mpaka akayapata.

"Baba, uliniuliza mbele yake. Wewe ungeondoka, mimi ningebaki naye."

Mkude aliona aibu, na ilimfaa. Kesho yake akaenda na mjumbe wa mtaa na wapangaji wake, na safari hii Bi. Mwajabu alibaki kwa Asumini. Mkude hakumuuliza mtu swali lolote. Alimwambia Kibwana kwamba nyumba ni yake, anayemtoa ni yeye Mkude, na kama kuna kinyongo amwekee yeye. Kibwana akatukana, akatazama watu walivyo wengi, akafungasha. Kitasa kikabadilishwa siku ileile, funguo zote akakabidhiwa Bi. Mwajabu mkononi. Na Asumini hakuacha kupita kumwogesha na kuzungumza naye, wakiwa wawili tu, maana watu wa aina ya Kibwana hurudi.

Naona mnatabasamu, mama kapata kitanda chake. Msifurahi haraka. Ninyi mliopewa watu wa kuwatunza, wenye nyumba, wazee wa kanisa, wakubwa wa koo: mnapomuuliza mnyonge mbele ya anayemwonea, naye akawaitikia kwa kichwa, nanyi mkaaga mkaenda zenu, jibu lile mlilitafuta kwa ajili yake, au kwa ajili ya usingizi wenu?