Matofali Sita ya Nainokanoka

Kibaya chajiuza, kizuri chajitembeza. Ndivyo Fundi Zablon alivyozoea kuipindua methali ya wahenga kila mteja alipolipita lango lake bila kusimama na kuvuka barabara kwenda kwa Veronika.

Miaka kumi na tisa alikuwa amefyatua matofali ya saruji hapa Karatu, akiwika peke yake kama jogoo asiye na mwenzake. Kisha mwaka 2003 akaja binti huyo kutoka Rombo na mashine moja ya mkono, pamoja na cheti cha viwango alichokitundika mlangoni ndani ya fremu ya kioo. Cheti kile kilimwasha Zablon macho kama moshi wa kuni mbichi. Alikiona alipofungua lango asubuhi, akakiona tena alipolifunga jioni.

"Karatasi haibebi paa," aliwaambia wateja.

"Kweli kabisa, fundi," walimjibu, kisha wakavuka barabara.

Veronika alichekecha mchanga mweusi wa mtoni, na matofali yake akayamwagilia siku saba kwa maji yaliyoletwa na punda. Zablon alichimba mchanga mwekundu, nusu yake udongo, kwenye korongo nyuma ya nyumba. Siku ya pili aliyapaka matofali yake rojo la saruji, yakang'aa, akayauza. Kwa nje, ya huyu na ya yule yalifanana kama pacha.

Mwaka uliofuata, kijiji cha Nainokanoka, juu huko Ngorongoro, kiliamua kujenga nyumba za walimu. Masika yaliyopita ukuta ulikuwa umeanguka na kumvunja mguu mtoto wa mwalimu. Kwa hiyo Mzee Metui, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, hakutaka tena tofali lisilopimwa. Mhandisi wa kamati, Gideon, alikuja Karatu akachukua matofali matatu kwa kila mmoja wa mafundi hao wawili, akayaandika majina kwa chaki, ili ayapeleke Arusha kwenye mashine inayobana tofali mpaka lipasuke.

"Mzee Zablon, nisaidie kuyapakia garini," alisema, kisha akaingia kwa Veronika kujaza fomu.

Zablon alisikia vikombe vikigongana mle ndani, na kicheko. Chai! Miaka ishirini sasa, na hakuna mhandisi aliyewahi kuketi kunywa chai kwake. Alilowesha kiganja kwa mate, akafuta majina yote sita, akayaandika upya. Yake yakawa ya Veronika, ya Veronika yakawa yake. Hakujiuliza hata kidogo kwa nini mtu anayeliamini tofali lake amgawie adui yake.

Wiki mbili baadaye kamati ilishuka Karatu, ikakusanyika barabarani kati ya malango mawili. Gideon alisoma majibu: matofali ya Zablon yamefikia kiwango, ya Veronika yamesagika kama mkate mkavu.

"Nilisema mimi!" Zablon aliruka. "Haya, binti, kaezeke nyumba kwa hicho cheti chako!"

Mzee Metui akainua fimbo yake.

"Ngoja kwanza. Ng'ombe hatumhukumu kwa ngozi, tunamchinja tukaangalia ndani. Mhandisi, nilikuagiza urudi na vipande. Viko wapi?"

Kicheko kikamkauka Zablon mdomoni. Nani aliyewahi kusafirisha kifusi kutoka Arusha?

Gideon alimwaga magunia mawili. Kwenye gunia la Veronika vikatoka vipande vyekundu. Kwenye gunia la Zablon vikatoka vyeusi tii. Metui aliokota kipande chekundu, akaenda nacho mpaka kwenye lundo la mchanga la Zablon, akakiweka juu yake. Kikapotelea humo kama tone mtoni.

Veronika aliokota kingine, akakifikicha kwa vidole viwili mbele ya pua ya Zablon.

"Umeyatembeza matofali yako mpaka ndani ya jina langu, mzee," alisema. "Na hata humo yamekosa mnunuzi!"

Watu waliangua kicheko. Zablon alitazama chini, kisha macho yake, kwa mazoea, yakapanda tena hadi kwenye kile cheti.

"Kazi ni yako, binti," alisema Metui. "Lakini kwetu mtu wa rika la baba yako haaibishwi hadharani. Mwombe radhi, yaishe."

Zablon akainua kidevu, akasubiri. Zabuni ilikuwa imemponyoka. Angalau radhi hiyo angemnyang'anya.

"Shikamoo nitampa kila asubuhi," alisema Veronika. "Lakini ndani ya kuta zile wangelala walimu na watoto wao. Radhi siombi, si leo wala kesho. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."