Nungunungu na Masweta Yaliyochemshwa

Paukwa!

– Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba. Mimi nataka ya watu wanaosikia baridi. Paukwa!

– Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Watoto ketini mbele. Wakubwa zimeni simu. Hata wewe unayengoja kupigiwa kuhusu ile kazi, zima. Leo hawapigi.

Hapo zamani za kale, zamani ambapo wanyama walikuwa na kamati, na kamati zilikuwa na kamati ndogo, palikuwa na mlima. Juu ya mlima palikuwa na baridi. Si baridi ya kujitupia leso mabegani, la. Baridi ya kipupwe, baridi ya kung'ata masikio. Kila mwaka ukungu ulishuka kutoka kileleni, fuuu, ukakaa siku saba, ukaondoka. Mwenye manyoya alijikunja ndani ya manyoya yake, akangoja. Asiye na manyoya je?

Huyo ndiye Mama Fuko. Hakuwa na unywele hata mmoja. Mwekundu, laini, mikunjo mikunjo, kama kidole kilichokaa majini. Macho yake yalikuwa hayaoni. Mwaka uliotangulia alizaa watoto wanane. Ukungu ukashuka, ukaondoka na wote wanane. Mwaka huu akazaa kumi na wawili, wote uchi kama yeye. Akawapapasa mmoja mmoja, akasema, "Hawa hawaendi popote."

Sasa, chini ya mlima waliishi watu. Mtu akichoka na nguo huitupa, na huitupia msituni, kwa sababu msitu haupigi kelele. Wanyama wakaokota, wakafunga mtumba mmoja. Ndani yake masweta sita ya sufu. Moja la shule, la kijani, viwiko vimetoboka. Moja la mzee, halina kifungo hata kimoja. Moja lina picha ya mnyama mwenye matawi kichwani. Kulungu akadai ni babu yake, hakuna aliyemwamini. Na matatu ya rangi ya chai ya maziwa.

Masweta sita. Watoto kumi na wawili. Siku kumi kabla ya ukungu. Hesabu si ngumu, ama?

Ngumu. Kwa sababu mtumba ulikuwa chini ya Kamati ya Mavazi, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Ngiri. Na nikisema chini, namaanisha chini. Ngiri aliukalia. Makalio yake juu ya masweta, asubuhi hadi jioni, akisema anayalinda.

Na palikuwa na Nungunungu. Binti mzuri, mdomo mkali. Alikuwa ametoka chuo cha ushonaji huko bondeni, miaka minne, na cheti chake alikidunga kwenye mwiba mmoja wa mgongoni kisipotee. Meno yake ya mbele yalikuwa makali kama wembe. Miiba yake, ukiitoboa tundu, ni sindano. Nani mwingine alizaliwa na vifaa vyote vya kazi mwilini?

Akaenda kwa Ngiri mara ya kwanza.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Nimejileta mwenyewe. Mkasi ninao mdomoni, sindano ninazo mgongoni. Nipe kazi niwavishe watoto wa Fuko."

Ngiri akajikuna, kwaru, kwaru. "Una eksipiriensi?"

"Nimemaliza chuo juzi."

"Tunataka ya miaka mitano."

"Nitaitoa wapi, Mwenyekiti, kama hakuna anayenianzisha?"

Ngiri alikuwa na neno moja la Kizungu, na alilitumia kila alipokosa jibu. "Noted," akasema. "Tutakuita."

Siku mbili zikapita. Hakuitwa. Akaenda mara ya pili.

"Mkasi ninao mdomoni, sindano ninazo mgongoni. Nipe kazi!"

"Umejaza fomu?"

"Fomu ziko wapi?"

"Zimeisha."

"Sasa nitajaza nini?"

"Noted. Tutakuita."

Siku mbili nyingine. Akaenda mara ya tatu. Mnajua alichokuta? Kima! Kima ameketi juu ya mtumba kando ya Ngiri, futi ya kupimia shingoni, anakula ndizi.

"Nafasi imejazwa," akasema Ngiri. "Huyu ni mpwa wangu."

Msiniulize Kima anakuwaje mpwa wa Ngiri. Ofisini, ukoo hupatikana.

Nungunungu akatoka nje, miiba imesimama kwa hasira, kwararara! Pale nje alikuwa Mama Fuko, amepanga watoto wake kwenye kijua chembamba.

"Mwanangu," akasema Mama Fuko, "nasikia umesoma."

"Nimesoma, mama."

"Miaka minne?"

"Minne, mama."

"Basi mbona watoto wangu wako uchi?"

Nungunungu, mwenye mdomo wote ule, akalaza miiba, akaenda zake. Afadhali angetukanwa.

Kesho yake Kima akaanza kazi. Akashika lile sweta la kijani, akang'ata mkono mmoja katikati. Sasa sikilizeni, watoto. Sweta halikatwi ovyo kama kitambaa. Limefumwa kwa uzi unaoshikana na uzi, na ukikata mmoja, wenzake wanakimbia. Kima akakata, akavuta kuona shida iko wapi. Frrrrr! Akavuta tena. Frrrrrrr! Mkono mzima ukafumuka. Uzi ukamzunguka shingo, ukamzunguka mkia, mpaka akaanguka pale kama kifurushi cha posta.

"Hili ni bovu," akasema akiwa ndani ya uzi. "Yote ni mabovu. Halafu yananuka."

"Yananuka chawa," akasema Ngiri. "Yachemshwe yote, sasa hivi. With immediate effect." Kumbe alikuwa na maneno mengine ya Kizungu!

Juu ya mlima palikuwa na chemchemi ya maji moto. Nungunungu akaja mbio, akasimama njiani.

"Mwenyekiti, usichemshe sufu! Itarudi! Sweta la baba litakuwa la mtoto, na la mtoto litakuwa la panya!"

"Nani amekualika kwenye kikao?"

"Hakuna."

"Basi huna neno hapa."

Chubwi! Masweta yote ndani. Kima akachukua gongo, akakoroga. Koro koro koro, asubuhi mpaka saa sita. Jambo la kwanza maishani mwake alilolifanya kwa bidii. Akayatoa. Jamani! Yalikuwa yamerudi, nusu ya nusu. Mazito, magumu, yanasimama yenyewe kama mkeka. Yule mnyama wa matawi alikuwa amekunja uso, kama aliyekula ndimu.

Wanyama wakacheka. Kisha wakamwona Mama Fuko, wakaacha.

"Yamekuwaje?" akauliza Mama Fuko. "Mimi sioni. Niambieni."

Ngiri akakohoa. "Kamati inasikitika," akasema. Akaamuru masweta yatupwe kwenye shimo la taka, pamoja na uzi wa Kima. Akaenda kula.

Siku nne zilikuwa zimebaki.

Nungunungu akateremka shimoni. Hakwenda kushona. Alikwenda kukasirika. Akalikamata sweta la juu, akaling'ata kwa nguvu zake zote. Kacha! Likakatika. Akavuta pale alipokata, akingoja uzi ukimbie.

Hakuna frrrr.

Akavuta tena. Uzi umekaa. Akang'ata pengine, kacha! Umekaa. Akaanza kucheka peke yake shimoni, mpaka Kima akachungulia.

"Siz, umeshikwa na wazimu? Hiyo ni takataka bana."

"Kima, nikuambie siri. Mwaka wa kwanza chuoni nilichemsha sweta langu la mtihani. Niliona ni chafu. Likarudi hivi hivi. Mwalimu akalinyanyua mbele ya darasa zima, akanipa sufuri. Nikaenda nyuma ya bweni nikalikatakata kwa hasira vipande arobaini, na hakuna kipande kilichofumuka. Sufu ikichemka na kukorogwa, nyuzi hukumbatiana. Ukikata, hakuna uzi unaomwacha mwenzake."

"Hiyo iko kwa cheti?"

"Kwa cheti iko ile sufuri."

Kima akajikuna kichwa. "Na mimi ndiye niliyekoroga," akasema, kama mtu anayeanza kujipongeza.

"Wewe ndiye. Ungekoroga vibaya zisingeshikana. Sasa shuka, unikunjie huo uzi uliofumua. Nitashonea."

Na Kima, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia amefanya vizuri, akashuka.

Nungunungu akang'oa mwiba mmoja, akautoboa tundu, akatia uzi. Akaliangalia sweta kama daktari anavyomwangalia mgonjwa. Mtoto wa fuko ana umbo gani? Mrefu, mviringo. Na mkono wa sweta? Mrefu, mviringo! Akakata mkono kutoka begani, kacha. Pale penye kifundo cha mkono pakawa kola. Akatoboa matundu mawili ya miguu ya mbele, kacha, kacha. Hakukunja pindo, kwa sababu halifumuki. Nyuma akapunguza kwa uzi, choma-vuta, choma-vuta. Semeni nami!

– Choma-vuta!

Kacha, kacha!

– Choma-vuta!

Siku ya kwanza, watoto wanne. Siku ya pili, wanne. Siku ya tatu, watatu, halafu akanyoosha mkono achukue mwingine, akapapasa chini. Hakuna.

Mikono ilikuwa kumi na miwili. Mmoja Kima aliufumua. Ikabaki kumi na mmoja. Na palikuwa na mtoto wa kumi na mbili, mdogo kuliko wote, anatetemeka hata kwenye jua.

Kima akaangalia pembeni. "Siz, ule mkono... nisamehe."

"Wacha kulia, leta lile la picha."

Akalitandaza. Akakata kifuani, kumzunguka yule mnyama wa matawi. Akakunja kipande, akakifunga ubavuni kwa ule uzi wa kijani. Choma-vuta, choma-vuta. Mabega ya masweta mengine akayaunga pamoja, yakawa blanketi la kutandika shimoni kwa Mama Fuko. Akavuta mshono wa mwisho siku ya nne, saa nane mchana, na kule kileleni ukungu ulikuwa umeanza kuteremka.

Ndipo akatokea Ngiri.

Alikuwa amesikia. Vitu vibaya havina mwenyewe, lakini kikipendeza tu utasikia ni cha ofisi. Akaja na wanyama nyuma yake, kifua mbele.

"Hiyo ni mali ya kamati," akasema. "Kazi haikuidhinishwa. Kila nguo irudishwe, ihesabiwe, igawanywe kwa utaratibu."

"Ulizitupa!" akasema Nungunungu. Miiba juu, kwararara! Ngiri akarudi hatua mbili.

"Mimi sipigani na fundi wa shimoni. Mama Fuko, wavue watoto."

Ukungu ulikuwa umefika kwenye miti ya juu. Mama Fuko akatambaa mbele taratibu, akisikiliza sauti ya Ngiri iko wapi. Akasimama miguuni pake. Mdogo vile.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi sioni nguo. Sijui ni nzuri au mbaya. Najua mtoto akiwa na baridi hutetemeka, na hawa wameacha kutetemeka. Ukizitaka, njoo uwavue wewe mwenyewe, mbele ya wote hawa. Anza na huyu. Anaitwa Tope."

Akamsukuma Tope mbele. Tope akapiga chafya, akamtazama Ngiri, kola imemfika kwenye masikio.

Ngiri akanyoosha pua. Akaitazama ile nguo. Akawatazama wanyama. Hakuna aliyekuwa akicheka. Kulungu akasogea, akasimama upande wa Mama Fuko. Kisha Kima, mpwa wa watu, akatoka shimoni na donge la uzi mkononi, akasimama pale pale.

Ngiri akafungua mdomo. Hata lile neno lake la Kizungu halikutoka. Akageuka, akaenda zake, na ukungu ukamfunika akiwa njiani.

Ukungu ukakaa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku zote saba. Asubuhi ya nane jua likatoka, na Mama Fuko akatoka nalo. Wanyama wakaja kusimama kando. Mama Fuko akaanza kupapasa. Tope. Mmoja. Akapapasa. Wawili. Watatu. Polepole. Tisa. Kumi. Kumi na mmoja.

Akasimama. Akatafuta huku. Akatafuta huku.

Lile blanketi likatikisika. Kikatokea kipua, kisha yule mnyama wa matawi, kisha mtoto mwenyewe, amekasirika kuamshwa.

"Kumi na wawili," akasema Mama Fuko. Akaketi chini, akacheka mpaka akalia.

Siku ile ile Ngiri akatuma barua. Karatasi ngumu, nyeupe, ina muhuri. Kamati inafurahi kumpa Nungunungu nafasi ya msaidizi wa fundi, kwa majaribio, bila malipo, miezi sita. Kima akaisoma kwa sauti. Foleni ilikuwa ndefu nje ya shimo: Kanga anataka kofia, Panya anataka soksi, Kulungu anataka chochote chenye picha ya babu yake.

Nungunungu akaichukua ile barua, akaipindua, akaipima kwa kidole.

"Karatasi nzuri hii," akasema. "Haikunjamani. Kanga, sogeza kichwa nichore kipimo cha kofia."

Akachora. Akang'ata. Kacha!

Sasa funzo, na sitalizungusha. Anayekalia kazi asiyoijua huwaacha wengine kwenye baridi, na ni haki aambiwe mbele ya watu. Na wewe uliyenyimwa nafasi, ulichojifunza ni chako, hata kile ulichojifunza siku uliyopata sufuri. Usikae nacho ukingoja kuitwa. Mtafute aliye uchi, uanze naye.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Nani anasikia baridi? Aichukue, ajifunike.