Chui Alipotafuta Jina la Kumwita Nguchiro

Enyi mabwana mlioketi, enyi mabibi mliojitanda, nanyi watoto mliopenya mbele kabla ya kuitwa: nawaamkia nyote kwa daraja zenu. Nipeni masikio, nami nitawapa ulimi. Ngano!

– Na ije!

Ije na nini?

– Ije na utamu wake, uchungu uachwe njiani!

Aliondokea Chui mmoja, akawa na kila kitu. Alikuwa na nguvu, alikuwa na madoa, alikuwa na mti ulioning'inia nyama toka tawi la chini hata la juu. Hakumgawia mtu. Jirani yake alikuwa Nguchiro, mnyama mdogo asiyemfika Chui gotini, aliyekaa katika kichuguu kilichohamwa na mchwa. Nguchiro hakuwa na kitu ila mke, watoto na maneno.

Wanyama walipopita kwa Chui walisema "Shikamoo," wakakaza mwendo. Walipopita kwa Nguchiro waliketi. Waliketi, wakasimuliana, wakacheka, kwa-kwa-kwa! Chui akila, kicheko kinamkwama kooni. Chui akilala, kicheko kinamtekenya sikio.

"Kwa nini wanacheka kwake?" akamwuliza mkewe. "Mimi nina nyama. Yeye ana nini?"

"Labda anachekesha, mume wangu."

"Nyamaza!"

Wivu ukamla Chui kuliko yeye alivyokula nyama. Asubuhi moja akateremka, nyata, nyata, nyata, akatia mguu juu ya kichuguu mbele ya wageni wote.

"Nguchiro, toka! Wewe ni adui yangu. Leo nakutafuna, na watoto wako ni kitoweo."

Watoto wakajikunyata nyuma ya mama yao. Nguchiro akatoka, ulimi hautetemeki.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Kufa."

"Nitakufa, bwana. Lakini adui? Adui hupigiwa mbiu na kutolewa jeshi. Kesho watasema Chui alimtolea jeshi Nguchiro. Hutaona haya?"

Chui akawatazama wageni. Akaona haya. "Basi wewe ni hasimu yangu."

"Hasimu huwa na kesi, bwana. Twende barazani kwa Tembo, ueleze tunagombea nini."

Chui alijua anachogombea. Hakikuwa kitu cha kusemwa barazani. "Basi wewe ni mshindani wangu!"

"Mshindani husimama na mwenziwe bega kwa bega. Bega langu hili hapa, bwana. Inama kidogo."

Wageni wakacheka, kwa-kwa-kwa!

"Hasidi! Wewe ni hasidi yangu!"

"Hasidi ni yule anayeumwa na heri ya mwenziwe," akasema Nguchiro kwa upole. "Mimi nakuombea nyama zaidi. Kati yetu sisi wawili, bwana, nani anaumwa?"

Mkia wa Chui ukapiga vumbi, pa! pa! "Sasa nikuiteje, kidudu wewe?"

"Ah, umekwisha kuniita! Anayeitwa kidudu mbele za watu asikasirike ni mtani. Nifanye mtani wako, bwana. Utanitukana utakavyo, nami nitacheka tu."

Kumtukana Nguchiro kila siku, mbele ya wageni wale wale! Chui akafurahi, akanguruma, "Sikieni nyote! Nguchiro ni mtani wangu!"

"Na mtani haliwi!" wakaitikia wageni.

Chui alisahau jambo moja. Mtani naye huingia bila hodi, huchukua akipendacho, na mwenye kununa ndiye anayechekwa. Siku ya pili Nguchiro akapanda mtini, akashusha paja la swala. "Hili nachukua, mtani wangu. Wewe meno yamezeeka." Siku ya tatu akashusha mbavu. Chui akinguruma, wapita njia wanasema, "Bwana Chui, unanuna? Si mtani wako huyo?"

Chui akakonda. Akamwambia mkewe, "Mtani ndiye mshika mazishi. Nitajifanya nimekufa. Akija kuniinamia, namdaka, nammeza. Maiti nani atamshitaki?"

Akajilaza chini ya mti, miguu juu. Mkewe akapiga ukemi, "Uwiii! Mume wangu!" Wanyama wakaja mbio. Nguchiro akaja, akamtazama marehemu, akaona tumbo linapanda, linashuka. Akasimama mbali.

"Jamani, mchoyo huyu! Amekufa, na pumzi bado kazificha tumboni!"

Waliokuja kuzika wakacheka, maana ndiyo kazi ya mtani msibani.

"Na chakula cha msiba hugawa mtani," akasema Nguchiro. "Teremsheni nyama!"

Nyama ikateremka, pu! pu! pu! Wakala. Chui akalisikia kila fupa linavyovunjwa, akavumilia. Akajisemea moyoni: atanisogelea, atanisogelea tu.

Nguchiro hakusogea. Alijipangusa mdomo, akamgeukia mjane. "Mwenzangu kaniachia urithi. Shemeji, kuanzia leo wewe ni mke wangu. Nyumba yangu ni ya udongo, mlango mdogo. Itabidi uingie kwa kutambaa, mpenzi."

Mjane alijizuia. Akajizuia tena. Kisha kikamtoka: kwi-kwi-kwi!

Chui alikuwa amevumilia nyama. Kicheko cha mkewe hakukivumilia. Akaruka juu, gurrr! "Mke wangu humchekeshi!"

"Maiti ana wivu!" wanyama wakapiga kelele. "Maiti ana wivu!" Wakagaragara, wakashikana mbavu, hata Tembo akakaa chini. Chui akatazama mti mtupu, akatazama watu wake, akaingia mwituni, nyata, nyata, nyata. Mpaka leo hutembea peke yake.

Fundisho lake ni wazi, enyi wasikilizaji wangu. Tusicheke msibani. Tusile nyama ya jirani. Tusimtanie mke wa marehemu kabla marehemu hajapoa. Nguchiro aliyatenda yote hayo, akanenepa, akaishi salama na wanawe. Nanyi tafadhali msimwige.

Ngano nimeitua hapa. Aliyecheka na aichukue, aliyenuna na aniachie. Nami wa kwanza kunisimulia ni bibi yangu mzaa mama, Sikudhani binti Mwinyigogo.