Nyamvula na Ndago wa Msituni

Ngano, enyi mlioketi!
Itoe, tumekaa kitako.
Niitoe nusu au nzima?
Nzima, usituibie.

Hapo kale, miti ilipokuwa bado ikisemezana, palikuwa na kijiji kando ya msitu. Wachanga wa kijiji hicho walilazwa juu ya mikeka ya ndago, majani marefu ya msituni yenye shina la pembe tatu. Desturi ilikuwa moja tu: ndago hukatwa juu kidogo ya kimo cha goti, hang'olewi.

Nyamvula alikuwa na mtoto, Dama, asiyelala. Asubuhi analia, adhuhuri analia, jioni analia. Alikonda hadi mbavu zikahesabika. Majirani wakamwambia mama amsukie mkeka wa ndago upesi, la sivyo mtoto atamponyoka.

Akambeba mgongoni, akaingia msituni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kijito, na ndago wameinama majini. Alipowashika, sauti ikanong'ona:

"Nikate, usining'oe. Mizizi yangu niachie."

Nyamvula naye hakuwa amelala siku nyingi. Akadhani ni usingizi unamchezea. Akawaza, kwa nini nitembee kila mara na mtoto mgonjwa? Nitawapanda nyumbani. Akang'oa.

Akawapanda uani. Jua likawababua.

Akarudi. Sauti ikanong'ona, "Nikate, usining'oe. Mizizi yangu niachie." Akang'oa. Akawapanda penye mitungi, kuku wakawachakura.

Akarudi tena. "Nikate, usining'oe. Mizizi yangu niachie." Akang'oa. Akawapanda migombani. Mbuzi wakala, wakacheua, wakatazama pembeni kama si wao.

Safari ya nne alikuta shina moja tu. Akaketi chini, akalia. Moyo ulimuuma, kwa kuwa alijua ni mikono yake mwenyewe.

"Bibi Ndago," akasema, "mwanangu anakwisha. Nami nimekumaliza."

"Kisu unacho," Ndago akajibu. "Ukinikata leo sitoshi hata mkeka wa paka. Mlaze hapa kivulini, uniache."

Nyamvula akautua mzigo wake juu ya majani makavu. Maji yakapita, ukungu ukapita. Dama akapiga miayo, akalala. Mama akaogopa hata kupumua.

Basi ikawa hivyo kila siku: mtoto analala kandokando ya Ndago, mama anamwekea Ndago majani mabichi asikaukiwe. Chini ya udongo mzizi ukatambaa. Chipukizi likatokea huku, jingine kule. Masika ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Ndipo Nyamvula akakata, juu ya goti. Akawaanika kivulini, akasuka mkeka mzuri sana. Dama akaja mbio, akajilaza juu yake. Miguu ikatokeza nje, hadi magotini.

Mama na mwana wakacheka mpaka wakachoka. Kisha Nyamvula akaukunja mkeka, akaupeleka kwa jirani aliyejifungua asubuhi ile, akautandika, akamlaza mtoto wa mwenzake.

Nyinyi mnaokata, acheni mizizi. Atakayelala juu ya mkeka bado hajazaliwa.

Ngano naitua hapa, mwenye kutaka na aichukue. Na huyo anayekoroma pale nyuma asiamshwe: yeye ndiye aliyenielewa.